Seva Inapowanyima Usingizi

Je, umewahi kulala chumba kimoja na mashine isiyolala? Sisi tuliishi hivyo miezi mitatu. Ni seva ndogo ya mitumba, kubwa kuliko mkate lakini ndogo kuliko katoni ya maziwa, na iko sebuleni kwa sababu hatuna mahali pengine. Ndani yake mna diski mbili zenye picha na video zote za marehemu mama. Kuizima usiku hatutaki, maana ndugu yangu aliye Doha huzitazama akitoka zamu.

Shida ilikuwa kelele. Vuuu, hadi alfajiri! Mpwa wangu, mtahiniwa wa kidato cha nne, husomea sebuleni na kulala papo hapo kwenye kochi. Hakulalamika hata siku moja. Mke wangu ndiye aliyemkuta asubuhi moja na pamba masikioni.

Nami nikafanya ujinga. Niliitia seva kabatini, nikafunga mlango. Kimya! Baada ya saa mbili nikasoma vipimo: diski zilikuwa zimefika nyuzi 58. Watengenezaji wengi wa diski huweka kikomo kati ya nyuzi 60 na 70. "Nusura umzike mama mara ya pili," mke wangu akasema. Sikuwa na jibu. (Siku hizi nakala nyingine iko kwa dada yangu.)

Basi tuelewane kwanza kuhusu feni. Kelele yake hutokana hasa na mwendo. Ukiupunguza kwa nusu, hewa nayo hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Sikio huona kama imebaki thuluthi. Ndiyo maana feni pana ya milimita 120 izungukayo polepole ni rafiki wa familia, nayo ile ya milimita 40 hulia kama mbu, kwani sharti ikimbie mizunguko maelfu kwa dakika ndipo isukume hewa ya kutosha.

Anza na vumbi. Zima mashine, chomoa waya, fungua kifuniko, kisha shika mapanga ya feni yasizunguke unapopiga brashi. Lakini kile kikasha kinachopokea umeme usikifungue, hata kama feni yake ndiyo inayokuudhi! Mna vifaa vinavyobaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Usafi ulisaidia kidogo tu. Nikaenda Luthuli Avenue kutafuta feni ya milimita 120 yenye nyaya nne. Waya wa nne ndio unaopokea amri ya kuongeza au kupunguza mwendo. Tazama pia mshale ulio ubavuni mwa feni, usije ukaifunga kinyume ikarudisha joto ndani.

Hapo nikakumbana na kituko. Feni mpya ilizunguka polepole, mizunguko 500 kwa dakika, mara ikanguruma kama matatu inayopanda mlima, ikatulia, ikanguruma tena. Nilidhani nimeuziwa mbovu. La hasha! Seva hukagua feni zake, na bodi yangu ilikuwa imepangwa kuamini kwamba feni yoyote iliyo chini ya mizunguko 700 imekufa. Kwa hiyo iliiamuru ikimbie kwa nguvu zote ili kuiokoa mashine. Dawa ni kushusha kikomo hicho. Nilitumia programu ya bure iitwayo ipmitool, nikaweka 300. Si kila bodi hukubali, kwa hiyo soma kitabu chake kwanza.

Halafu usikimbilie kulala. Ipe mashine kazi ngumu, kama kunakili filamu kwa saa nzima, kisha upime joto. Diski zangu zilifika nyuzi 47. Nikaongeza mwendo hadi 600, zikashuka hadi 43. Kelele kidogo ilirudi, nikaivumilia. Vipande vinne vya mpira chini ya seva vikamaliza mtetemo uliokuwa ukipita mezani.

Jumatano usiku mpwa wangu aliinua kichwa kutoka vitabuni.

"Mjomba, mmeizima?"

Nikamwambia aguse hewa inayotoka nyuma. Akaweka kiganja, akakiacha hapo kidogo. Kisha akaomba nimwekee ile video ya nyanya akipika chapati.