Binadamu Si Kiungo cha Kukatwa

Ndugu yangu, umeandika kwamba Mkatoliki anayepinga kunyonga anamsaliti Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyemfananisha mhalifu na kiungo kilichooza: kikatwe, mwili upone. Thoma alisema hivyo, sikatai. Lakini kiungo hakitubu. Mtu hutubu, na ndiyo maana Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1995, kisha Papa Fransisko alipobadili Katekisimu mwaka 2018, walimtazama aliyehukumiwa kama mtu.

Nakuandikia kutoka Mackinnon Road. Hapa kando ya reli, madereva wa malori huegesha wakaomba dua kwenye kaburi la Sayyid Baghali. Wachache hukumbuka kwamba hapa hapa Mwingereza aliwafungia kambini watuhumiwa wa Mau Mau. Miaka ile ya hali ya hatari Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa, wengine kwa kukutwa na risasi tu. Hukumu zao zilipitia mahakamani. Niambie, nani alikuwa kiungo kilichooza pale?

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, ila hukumu ya kifo ingali kwenye sheria na majaji bado wanaitoa. Wewe wataka kamba irudi. Mimi nataka hukumu hiyo ifutwe kabisa, hata kwa aliyeiba kwa mabavu.