Bastola "ilifyatuka"? Muulizeni mwenye kidole

Kuna sentensi moja inanikera kila ninapoisoma kwenye magazeti yetu: "bastola ilifyatuka kwa bahati mbaya." Ilifyatuka! Kana kwamba ni mtego wa panya uliosahauliwa uvunguni mwa kitanda. Nani alikuwa ameishika? Kidole chake kilikuwa wapi? Na ilikuwa bastola ya aina gani? Swali hili la tatu huwa haliulizwi kabisa, ilhali bila jibu lake hatuwezi kupima maelezo ya mwenye silaha.

Tuanze na rivolva, ile bastola ya silinda tunayoiona kwenye filamu za macowboy. Ukikivuta kifyatulio chake bila kuirudisha nyundo kwanza kwa kidole gumba, kifyatulio kile kinafanya kazi mbili. Kinairudisha nyundo nyuma huku kikizungusha silinda, kisha kinaiachia nyundo igonge. Kwa hiyo ni kizito, kwa kawaida kama kilo 4.5 hadi 5.5, na safari yake ni ndefu. Kila risasi inataka mvuto uleule, wa kwanza sawa na wa sita.

Bastola za magazini ni habari nyingine. Risasi moja ikitoka, sehemu ya juu inarudi nyuma, inatupa ganda, inapakia risasi nyingine na kuiandaa bastola kwa mvuto unaofuata. Kidole kinabakiwa na kazi ndogo tu. Glock ya kawaida inataka kilo 2.5 hivi na safari ya sentimita moja na ushee. Nyingine, kama Beretta 92, zina vifyatulio viwili ndani ya kimoja. Mvuto wa kwanza ni mzito kama wa rivolva, halafu inayofuata ni miepesi. Askari asiyezoea anaweza kushangazwa na risasi yake mwenyewe ya pili.

Sasa twendeni New York, maana mji ule uliufanya mjadala huu kwa vitendo. Polisi wake walibeba rivolva kwa miongo mingi. Mwaka 1993 walianza kuhamia kwenye bastola za magazini, kwa sababu wahalifu walikuwa wanawazidi kwa idadi ya risasi. Lakini wakubwa walikuwa na hofu. Askari aliyezoea kuvuta kilo 5 akipewa kifyatulio cha kilo 2.5, si atafyatua kabla hajakusudia? Dawa waliyoichagua ni kuziwekea Glock zao springi nzito, mvuto ukapanda hadi karibu kilo 5.4. Yaani bastola mpya yenye kifyatulio cha enzi za babu.

Wazo zuri? Masikioni, ndiyo. Tatizo ni kwamba Glock 17 isiyo na risasi ina uzito wa kama gramu 630 tu. Ukikivuta kwa nguvu ya kilo 5 kitu kisichofika hata kilo moja, mtutu unayumba, na mtutu ukiyumba kidogo, risasi inakwenda kwa mtu mwingine. Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili walimfyatulia muuaji mwenye bastola risasi 16 kwa umbali wa hatua chache. Walimuua, lakini wapita njia tisa walijeruhiwa kwa risasi za polisi na vipande vyake. Sisemi springi peke yake ndiyo iliyowajeruhi. Palikuwa na hofu na msongamano wa watu. Ila springi ile haikumsaidia mtu yeyote kulenga.

"Angalau inazuia ajali," mtasema. Novemba 2014, kwenye ngazi zenye giza za jengo moja la Brooklyn, askari mgeni kazini Peter Liang alikuwa ameichomoa Glock yake. Alisema alishtushwa na kelele, bastola ikalia. Risasi iligonga ukuta, ikadunda na kumuua Akai Gurley, kijana wa miaka 28 asiyekuwa na silaha wala kosa, aliyekuwa akishuka ngazi. Kifyatulio kile kilitaka zaidi ya kilo 5. Wananchi walioteuliwa kuamua kesi walikijaribu kwa vidole vyao, na Februari 2016 wakamtia hatiani. Baadaye jaji alilipunguza kosa, akampa miaka mitano ya uangalizi na saa 800 za kazi za jamii, bila jela.

Mtu akishtuka, ngumi hujikunja yenyewe. Kilo 5 si kitu mbele ya mkono ulioshtuka. Kinachozuia risasi ni kidole kukaa nje ya kikingio cha kifyatulio mpaka mtu ameamua kupiga, na hilo linafundishwa kwa mazoezi mengi, haliji kwa springi. New York yenyewe ilifika huko: mwaka 2021 ilitangaza kuwa askari wapya watapewa vifyatulio vyepesi zaidi.

Nakiri upande wa rivolva una hoja. Safari ndefu ya kifyatulio humpa mtu nusu sekunde ya kujirudi, na kwa askari anayepelekwa shabaha mara moja kwa mwaka nusu sekunde hiyo ni mali. Lakini huko ni kumnunulia chuma kizito badala ya kumnunulia risasi za mazoezi. Serikali inayompa mtu silaha bila kumfundisha kidole chake imeshaicheza kamari hiyo kwa niaba yetu, na wanaoliwa ni watu wa aina ya Gurley.

Kwa hiyo wanahabari wenzangu, tukiambiwa "ilifyatuka", tusiandike tu tukaondoka. Tuulize: rivolva au ya magazini? Mvuto wake kilo ngapi? Kidole kilikuwa wapi? Aliyeishika alifanya mazoezi lini? Inawezekana kweli ilikuwa ajali, silaha mbovu zipo. Lakini marehemu ana haki ya kuulizwa maswali hayo kabla hatujaiandika ile "bahati mbaya".

Nawasilisha.