Je, Atupwe Mmoja Wapate Kuokoka Wengi?

Kijana mmoja asomaye chuo kikuu ameniletea swali, nami nimekaa nalo miezi miwili kabla ya kulijibu. Aeleza kwamba wamefunzwa madhehebu ya Mwingereza aitwaye Jeremy Bentham, asemaye kuwa tendo jema ni lile liwazidishialo watu wengi furaha na kuwapunguzia maumivu, na tendo ovu ni kinyume chake. Kisha auliza: "Mwalimu, je, haya siyo maslaha yale yale uliyotusomesha madrasani?"

Elimu yangu mimi ni ya chuo cha Kurani na ya shule ya msingi, na Kiingereza cha vitabu hivyo hakinielei upesi. Basi nikamwendea jirani yangu asomeshaye sekondari, akawa akinifasiria kidogo kidogo baada ya sala ya isha. Niyaandikayo hapa ni yale niliyoyafahamu.

Bentham alizaliwa mwaka 1748, akafa mwaka 1832, na kitabu chake juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1789. Kwake yeye, furaha na maumivu ni vitu vya kupimwa kama mchele katika mizani: hutazamwa nguvu zake, muda wake, yakini yake, ukaribu wake, na idadi ya watu watakaofikiwa. Kila mtu huhesabiwa mmoja, sultani na mchukuzi sawasawa. Nasi tusimdhulumu mtu huyu kwa kuwa si wa dini yetu. Alizipinga adhabu kali za sheria za kwao, na akaandika kwamba mnyama naye apasa kufikiriwa, kwa kuwa ahisi maumivu. Sisi tumwonao punda akipigwa njiani tukapita zetu, hatuna la kumcheka. John Stuart Mill, aliyemfuata, akaongeza kuwa furaha hazilingani, na kwamba furaha ya akili ni bora kuliko ya tumbo.

Lakini iko khabari moja ya kweli, ambayo nadhani yatuonyesha mizani hii inapokwama.

Mwaka 1884 chombo kidogo cha matanga, jina lake Mignonette, kilitoka Uingereza kwenda Australia. Ndani mlikuwa na watu wanne: nahodha Tom Dudley, Edwin Stephens, Edmund Brooks, na mtumishi wao Richard Parker, yatima wa miaka 17. Tarehe 5 Julai chombo kikazama katika Atlantiki ya kusini. Wakaingia katika mashua wana makopo mawili tu ya mboga, wala hawana maji matamu. Wakabahatika kushika kasa mmoja. Hata zikatimia karibu siku ishirini, yule kijana alikuwa amelala taabani kwa kunywa maji ya bahari. Dudley na Stephens wakazungumza kwamba wao wana familia, na kwamba ni kheri afe kijana ili wao waishi. Brooks hakuridhia. Dudley akamchinja, na wote watatu wakala. Siku ya nne yake ikapita meli ya Wajerumani ikawaokoa.

Ukiitazama kwa hesabu, hesabu yao haina kosa. Wangekufa wanne, amekufa mmoja, naye hana mke wala mtoto. Tena watu wengi wa kwao waliwaonea huruma. Hata hivyo, Desemba mwaka ule majaji waliwahukumu kifo, kisha adhabu ikapunguzwa ikawa kifungo cha miezi sita. Jaji mkuu Coleridge aliuliza maswali ambayo hayajapata jibu mpaka leo: ni nani awezaye kuhukumu kuwa dharura imefika, na uhai wa watu hupimwa kwa pishi gani? Tena mbona aliyechaguliwa ni yule mdogo, mnyonge, asiyeweza kujitetea?

Sasa nimrudie kijana wangu. Zaidi ya miaka mia saba kabla ya mashua ile, Imamu Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 1111, aliliandika jambo hili katika kitabu chake Al-Mustasfa. Alitoa mfano wa watu walio chomboni, ambao wakimtupa mmoja wataokoka, na wasipomtupa watazama wote. Na mfano wa watu walioshikwa na njaa, ambao wakipiga kura wakamla mmoja watapona. Yote mawili akasema hapana rukhsa. Wala Ghazali si mtu aliyedharau maslaha. Alikubali kuwa adui akiwafanya mateka Waislamu kuwa ngao, na yakini ni kwamba akiachwa ataungamiza umma wote na mateka wale pamoja, basi atapigwa hata kama mateka watauawa. Lakini aliweka masharti matatu: iwe dharura, iwe yakini, na maslaha yawe ya umma mzima. Watu wa chombo kimoja si umma mzima.

Yuko pia Mjerumani Immanuel Kant, aliyefariki mwaka 1804, ambaye hesabu za namna hii alizikataa katakata. Alisema mwanadamu asitumiwe kuwa ngazi tu ya kumfikisha mwenziwe kwenye haja yake. Neno hili ni zuri. Ila mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akija mlangoni kumtafuta rafiki yako uliyemficha, haifai kumwambia uongo. Hapo simfuati. Ghazali katika Ihya amesema kuwa damu ya Mwislamu aliyemkimbia mdhalimu ikiwa haisalimiki ila kwa uongo, uongo huo ni wajibu.

Haya yote ningeyasoma kama khabari za watu wa mbali, lau si kwamba yamenigusa mwenyewe. Masika ya mwaka 2018 paa la madrasa yetu lilivuja, na watoto zaidi ya sitini walisoma miguu majini. Nami nilikuwa na amana ya shilingi 40,000, mali ya yatima mmoja, aliyoniwekea bibi yake. Wazee wakaniambia: zitumie, sitini watafaidika, na huyo yatima mwenyewe ni mmoja wao. Nikaona wamesema kweli. Nikaezeka mabati. Januari bibi akaja kutaka fedha za kumpeleka mtoto sekondari, na nilizokuwa nazo hazikufika nusu. Mtoto alichelewa kuingia shule kwa majuma matano.

Haikuwa dharura, maana ukumbi wa msikiti ulikuwa wazi kwetu. Haikuwa yakini, maana sikujua nitalipa lini. Na nilipokuwa nikihesabu wenye kufaidika na mwenye kupata khasara, baiskeli yangu na mbuzi wangu wawili sikuwatia katika hesabu kabisa. Kama Dudley, niliutazama uzito wa kila mtu isipokuwa wangu. Najua Bentham angeniambia kuwa hapo nimekosea kuhesabu, kwani yeye aliagiza kila mmoja ahesabiwe. Huenda. Lakini mwenye kushika mizani ni binadamu, na mkono wake humwelemea yule asiyekuwapo. Ndiyo maana, kijana wangu, mali ya yatima sheria haikuiacha mikononi mwetu tuipime kila masika. Suratun-Nisaa imekwisha itolea onyo la moto. Maslaha hupimwa katika yale yaliyobaki.

Deni lile nilimaliza kulilipa mwezi wa Agosti, baada ya kuuza wale mbuzi. Na paa halivuji hata leo, sitaki kuficha hilo.

Barua ya kijana imemtaja pia Aristotle, ambaye yasemekana haulizi tendo lina faida gani bali mtendaji anakuwa mtu wa namna gani. Hayo jirani yangu ameahidi kunisomea baada ya mitihani ya wanafunzi wake. Nikiyafahamu nitayaleta, inshallah.