Mbio za bia adimu zilivyowageuka watengenezaji wadogo Marekani

KILA mwaka, majira ya baridi yanapoelekea ukingoni katika mji wa Santa Rosa, jimbo la California nchini Marekani, foleni ndefu huonekana nje ya baa ya kampuni ya Russian River. Baadhi ya wanaopanga foleni hiyo hufika kabla ya mapambazuko, wakiwa wamejifunga mablanketi na kubeba viti vya kukunjwa. Wote hao husubiri bilauri ya bia.

Bia yenyewe huitwa Pliny the Younger. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mnamo 2005 na huuzwa kwa majuma machache tu kwa mwaka. Ina kilevi cha asilimia 10.25, kiwango ambacho ni zaidi ya mara mbili ya kile cha bia za kawaida. Wapo wanaosafiri kwa ndege kutoka majimbo ya mbali, na hata kutoka ng'ambo, kwa ajili ya kuionja. Serikali ya kaunti ya Sonoma imekuwa ikikadiria kwamba msimu huo mfupi huliletea eneo hilo mamilioni ya dola kupitia hoteli, mikahawa na usafiri.

Mtu akiitazama foleni hiyo pekee atadhani kwamba biashara ya watengenezaji bia wadogo nchini Marekani inanawiri. Takwimu, hata hivyo, zinasimulia mengine. Kwa mujibu wa Brewers Association, muungano wa watengenezaji hao, viwanda vidogo vilivyofungwa mwaka 2024 vilizidi vilivyofunguliwa, jambo ambalo halikuwa limeshuhudiwa kwa takriban miongo miwili. Kiasi cha bia walichotengeneza mwaka huo pia kilipungua kwa karibu asilimia 4.

Imekuwaje basi bia zinazopiganiwa na wateja zitoke katika sekta inayozidi kunywea? Sehemu kubwa ya jibu imo katika foleni zenyewe. Mteja aliyekuza sekta hii kwa kusaka kilicho adimu na kipya ndiye huyo huyo ambaye ni vigumu mno kumhifadhi, kwa kuwa hununua bia moja mara moja, akaenda zake kutafuta nyingine.

Uhaba wa bia hizi haukuanza kama hila ya kibiashara. Mnamo 1965, Fritz Maytag alinunua Anchor, kiwanda kikongwe cha San Francisco kilichokuwa kikikaribia kufungwa, akakifufua wakati ambapo kampuni chache kubwa zilikuwa zikilimeza soko lote. Mwaka 1976, Jack McAuliffe, aliyekuwa amehudumu katika jeshi la wanamaji na kuzizoea bia za Uskoti, alianzisha kiwanda cha New Albion huko Sonoma kwa mitambo ambayo mingi aliiunga kwa mikono yake. Kiwanda hicho kilifungwa 1982, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Mnamo Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyowaruhusu wananchi kutengeneza bia nyumbani kwa matumizi yao wenyewe bila kutozwa ushuru. Wakati huo, Marekani nzima ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100. Leo vimepita 9,000, na wengi wa waanzilishi wake walijifunza kazi hiyo katika majiko ya nyumbani mwao.

Mtambo mdogo hutoa bia kidogo, na hilo halina ujanja wowote. Aidha, bia zinazotiwa kwa wingi maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu na harufu, hazivumilii kukaa rafuni. Harufu yake hufifia kadiri majuma yanavyosonga, mithili ya tembo la mnazi ambalo ladha yake ya asubuhi si ya jioni. Anayetaka kuzinywa zikiwa katika ubora wake hulazimika kuzifuata zilikotengenezewa.

Kisa cha Heady Topper kinaeleza vyema hali hiyo. Bia hii hutengenezwa na kampuni ya The Alchemist ya John na Jen Kimmich katika jimbo la Vermont. Mnamo Agosti 2011, dhoruba ya Irene iliifurika baa yao mjini Waterbury na kuiharibu kabisa. Siku chache baadaye, kiwanda chao kipya kilianza kuitia bia hiyo kwenye mikebe, na sifa zake zikavuka mipaka ya jimbo pasipo matangazo makubwa. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kizuri chajiuza.

Lakini sifa hizo zilikuja na mzigo wake. Magari ya wageni yalijaa barabarani hadi majirani wakalalamika, na mnamo Novemba 2013 wamiliki wakalazimika kulifunga duka lililokuwa kiwandani humo. Hawakupata mahali pa kuwapokea tena wageni kwa wingi hadi 2016, walipofungua kiwanda kingine katika mji wa Stowe. Mwaka huo wa 2013, mkazi mmoja wa jimbo hilo alijipata mashakani kwa madai ya kuuza katoni tano za bia hiyo kwa dola 825 kupitia mtandao bila leseni.

Kesi hiyo ilianika soko la pembeni ambalo lilikuwa limeota mizizi. Sheria za Marekani haziruhusu mtu asiye na leseni kuuza pombe, lakini palipo na uhaba hapakosi mlanguzi. Viwanda viliweka kikomo cha chupa ambazo kila mteja angenunua, na baadhi ya wateja wakaitikia kwa kuja na jamaa na marafiki ili kila mmoja achukue fungu lake. Chupa iliyonunuliwa kwa bei ya haki ilibadilishwa kwa nyingine au kuuzwa kwa bei maradufu bila aliyeitengeneza kupata hata senti moja ya ziada.

Hatimaye, kilichokuwa udhia kiligeuzwa kuwa utaratibu. Tangu 2004, kampuni ya Three Floyds ya Munster, jimbo la Indiana, ilianza kutenga siku moja kwa mwaka ya kuuza bia nzito na nyeusi ya Dark Lord, na siku hiyo ikawa sherehe yenye muziki na tiketi. Goose Island ya Chicago nayo iliizoesha umma kuingoja Bourbon County, bia inayolazwa katika mapipa yaliyokuwa na wiski, siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba.

Hata hazina hizo zinazofungiwa kabatini si salama. Mnamo 2016, Goose Island iliwarudishia fedha wateja walionunua baadhi ya chupa za Bourbon County za mwaka uliotangulia, baada ya kubainika kwamba bakteria walikuwa wameiharibu ladha yake. Waliozihifadhi wakitarajia kujivunia au kufaidi baadaye walijikuta na pombe iliyochacha kupita kiasi.

Uhaba ni nusu tu ya kisa. Nusu ya pili ni mabadiliko ya mitindo. Kwa miaka mingi, mpenzi wa bia hizi alipimwa kwa uwezo wake wa kustahimili uchungu, na viwanda vya California vikashindana kuongeza hopsi. Kisha upepo ukavuma kutoka Vermont na Massachusetts, ukileta bia yenye ukungu, laini mdomoni na yenye harufu ya maembe na machungwa. Kufikia 2018, aina hiyo ilikuwa imeingizwa rasmi katika miongozo ya Brewers Association inayotumiwa kwenye mashindano.

Mwaka uo huo, wengi walikimbilia bia kavu isiyo na sukari iliyobuniwa San Francisco mwishoni mwa 2017. Haikuchukua muda kabla ya kusahaulika. Zikaja bia chachu zenye matunda, bia nyeusi zenye ladha ya keki na chokoleti, na mnamo 2019 vinywaji vya maji ya gesi vyenye kilevi vikanunuliwa kwa kasi hadi aina ya White Claw ikaadimika madukani. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Simu za mkononi zilizidi kuuchochea moto huo. Programu ya Untappd, iliyozinduliwa 2010, humwezesha mnywaji kuweka rekodi ya kila bia aliyoionja na kuipa alama. Kwa mtu anayehesabu aina alizowahi kuonja, bilauri ya pili ya bia ile ile haimwongezei kitu.

Gharama ya tabia hiyo humwangukia mtengenezaji. Kila bia mpya huhitaji majaribio, lebo yake na nafasi katika matangi. Hopsi nazo aghalabu hununuliwa kwa mikataba inayotiwa saini miaka kadhaa kabla ya mavuno, ilhali ladha ya wateja haingoji mkataba uishe. Katika Bonde la Yakima, jimbo la Washington, ambalo ni kitovu cha kilimo hicho, wakulima walipunguza ekari zao 2023 na tena 2024 kutokana na maghala yaliyojaa hopsi zisizo na mnunuzi.

Wenye mitaji mikubwa pia walidanganyika. Kampuni ya Anheuser-Busch ilinunua Goose Island mnamo 2011 kwa dola milioni 38.8. Miaka minne baadaye, kampuni ya Constellation ililipa dola bilioni moja, takriban Sh100 bilioni kwa thamani ya wakati huo, ili kuinunua Ballast Point ya San Diego. Mnamo Desemba 2019, Constellation ilitangaza kuiuza Ballast Point kwa kampuni changa ambayo wengi hawakuwa wamewahi kuisikia. Wasakaji wa bia adimu hawakusaidia, kwani kwao kiwanda kinachonunuliwa na kampuni kubwa hupoteza mvuto siku hiyo hiyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wateja hawa humshuku mgema hata kabla ya kuonja.

Ni kweli kwamba si haki kuzitwika mbio hizi lawama zote. Janga la Covid-19 lilifunga baa mnamo 2020 na kuwaachia wengi madeni. Mnamo Juni 2025, serikali ya Marekani ilipandisha ushuru wa alumini inayoagizwa kutoka nje hadi asilimia 50, hatua iliyowatia wasiwasi wanaotegemea mikebe. Isitoshe, katika kura ya maoni ya Gallup iliyotolewa Agosti 2025, ni asilimia 54 pekee ya watu wazima waliosema kwamba wanakunywa pombe, kiwango cha chini kabisa tangu shirika hilo lianze kuuliza swali hilo. Hata hivyo, soko linaponywea hivyo, anayeumia kwanza ni yule ambaye wateja wake hawana mazoea ya kurudi.

Kuna waliochagua njia nyingine. Katika monasteri ya Sint-Sixtus huko Westvleteren, Ubelgiji, watawa wamekuwa wakitengeneza bia tangu karne ya 19. Mwaka 2005, tovuti ya RateBeer iliitaja Westvleteren 12 kuwa bia bora duniani, na wateja wakafurika. Watawa hao walikataa katakata kuongeza kiwango, wakisisitiza kwamba wanatengeneza bia ili waishi, wala hawaishi ili watengeneze bia.

Mnamo 2012 waliiuza kwa muda katika nchi za nje ili kugharimia ujenzi wa monasteri yao, kisha wakarejelea utaratibu wa zamani. Duka moja la Uholanzi lilipoiuza bila idhini mwaka 2018 kwa karibu Euro 10 kila chupa, watawa walilalamika hadharani, kwani wakati huo wao waliiuza kwa chini ya Euro 2. Kwao, uhaba ni tokeo la maisha waliyoyachagua. Haukuwahi kuwa mbinu ya kupandisha bei.

Lakini mwenye mishahara na kodi ya jengo hawezi kuishi kama mtawa, na kudumu katika bia moja pekee si kinga. Anchor, kile kiwanda alichokifufua Maytag, kiliendelea kutengeneza bia yake ya Steam iliyompa jina. Kilinunuliwa na kampuni ya Sapporo ya Japani mnamo 2017. Wanywaji walikuwa wamekizoea hata wakaacha kukiona rafuni, na mnamo Julai 2023 ikatangazwa kwamba kitafungwa, baada ya miaka 127. Wafanyakazi wakapoteza ajira. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na mfanyabiashara Hamdi Ulukaya, aliyeahidi kukihuisha.

Habari za kufungwa zilipotolewa, wakazi wa San Francisco walimiminika kwenye baa ya Anchor kununua chupa za mwisho, na foleni ikaonekana mlangoni. Bia hiyo ilikuwa imepatikana madukani kwa miaka mingi bila mtu kuisukumia. Iliyoirudishia wateja ni habari kwamba hivi karibuni haitapatikana tena.