Boti ya Faiba Haifai Kuvuja Hata Tone, Acheni Kutuzoesha

Kuna sentensi moja nimeisikia tangu utotoni hapa Mtwapa na sai nimeichoka: "Boti zote huvuja kidogo." Nahodha anakwambia hivyo huku anachota maji na mtungi wa plastiki uliokatwa nusu, anacheka, na nyinyi abiria mnacheka pia, kwa sababu mtafanya nini na mko katikati ya maji? Mjomba wangu ameisema miaka sita kuhusu boti yake ya faiba. Mimi nasema si kweli, na ninajua nitaulizwa nyumbani.

Tuelewane kwanza. Kwa dau au mashua ya mbao, hiyo sentensi ina maana. Mbao zimepangwa moja kando ya nyingine, katikati yake pamepigwa kalafati ya pamba. Chombo kikikaa juani ufuoni, mbao zinakauka na kunywea. Ukikirudisha majini kitavuja siku kadhaa, mbao zitakunywa maji, zitavimba na kubanana, basi kitatulia. Ndiyo maana wazee wana neno kabisa la ile sehemu ya chini ndani ya chombo ambapo maji hukusanyika: ngama. Kufua maji ngamani ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Faiba ni story tofauti. Ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini, zikakauka zikawa ganda moja, kama beseni. Beseni lako la nguo likianza kuvuja huambii jirani ati beseni zote huvuja. Hakuna mbao pale za kuvimba zijizibe zenyewe. Maji yakiingia, kuna mahali pamefunguka, na hapo mahali hapatapona. Patazidi. Lakini tulichukua boti mpya tukazipandia na mazoea ya mashua, halafu boti mpya zenyewe zikazeeka. Ya mjomba imenizidi umri.

Sasa niwaambie kwa nini nimekasirika. Desemba iliyopita tulibeba familia moja, watu saba, kwenda kuogelea nje ya mwamba. Boti ina pampu ndogo ya umeme ngamani, inawaka yenyewe maji yakifika kiwango fulani. Hiyo pampu ndiyo ilikuwa inatudanganya. Hakuna mtu alijua boti inavuja kiasi gani, kwa sababu kila kilichoingia kilitemwa nje kimyakimya. Siku hiyo betri ikakata. Aliyegundua kwanza ni mtoto wa miaka kama mitano: aliona ndala zake zinaelea. Tulichota na ndoo, na sufuria, na kifuniko cha kuulia. Tulifika. Mama yao hakusema neno hadi ufuoni, na huko pia hakusema neno, alishuka tu na watoto wake akaenda. Manze, ningependelea atutukane.

Wiki iliyofuata mjomba alinunua pampu kubwa zaidi.

Hapo ndipo tulikosana. Nilimwambia, mjomba, pampu ni ya siku ya dharura, wewe umeifanya iwe sehemu ya boti. Akaniuliza kama nitalipa mimi karo ya binamu zangu boti ikikaa nchi kavu. Hilo swali ni halali, sitajifanya si halali. Boti ikisimama wiki tatu hakuna mtu anamlipa. Lakini alinipa wikendi mbili niitafute hiyo tundu, nadhani ili ninyamaze.

Jambo la kwanza nililojifunza: usishike gundi kabla ya kujua maji yenyewe ni yapi. Inaweza kuwa mvua inayopita kwenye kiungo cha juu, pale ganda la chini linapokutana na sitaha chini ya ule ukanda wa mpira wa ubavuni. Chukua maji kidogo ya ngamani, yaache yakauke kwenye sahani nyeusi uone kama yanaacha chumvi. Kuna wanaoonja. Mimi nilionja, yalikuwa na petroli, usiwe kama mimi.

Jambo la pili ni wakati. Boti ikiwa imefungwa, haina mtu, bahari imetulia, na bado inajaa, basi tundu liko chini ya mstari wa maji. Ikivuja tu ikibeba watu au ikienda mbio, angalia vitu vilivyo juu kidogo ya huo mstari, kwa sababu uzito unavizamisha. Hata bomba la kutolea maji la pampu yenyewe likifungwa chini sana linaweza kurudisha bahari ndani. Yetu ilikuwa inaingiza kama ndoo moja kwa usiku, ikiwa imelala tu. Kizibo cha nyuma tulikibadilisha mpira wake, kwa sababu ni rahisi na mara nyingi ndicho chenye makosa. Safari hii hakikuwa.

Basi tukakausha ngama kwa matambara hadi ikawa kavu kabisa, nikamwaga poda ya mtoto kila mahali. Mjomba aliniona akaenda kunywa kahawa. Asubuhi poda ilikuwa na njia moja ya maji, safi kama imechorwa, inatoka chini ya kiti cha katikati. Na chini ya kiti cha katikati kulikuwa na viraka vitatu vya zamani, kimoja juu ya kingine. Nilishangilia. Nilikuwa tayari kuweka cha nne.

Aliyenizuia ni fundi mmoja mzee kutoka Kilifi. Aliangalia vile viraka akauliza, "Hapa ndipo yanapotokea. Yanaingilia wapi?" Hilo ndilo swali ambalo kwa miaka sita hakuna mtu alikuwa ameuliza. Maji ndani ya boti ya faiba yanaweza kuingia nyuma kabisa na kujitokeza mita mbili mbele, kwa sababu boti nyingi za zamani zina mbao zilizofichwa ndani ya faiba: kwenye ukuta wa tezi pale injini inapofungwa, na kwenye mihimili mirefu ya chini ya sakafu. Mbao zikiloa, maji hutembea ndani yake kama kwenye bomba.

Tulisubiri bamvua tukaipandisha boti juu kabisa. Fundi akachukua bisibisi, akaanza kugonga ukuta wa tezi kwa mpini. Ta, ta, ta, kisha pu, pu. Hata mimi niliyekuwa nashikilia simu nikirekodi nilisikia tofauti. Faiba nzima inalia, mbao ikioza ndani sauti inakufa. Pale pa pu palikuwa na matundu mawili madogo ya skrubu, ya kifaa cha kupima kina kilichotolewa zamani. Mtu alikuwa ameyaziba kwa silikoni ya bafuni. Fundi akatoboa tundu dogo kwa ndani, chini kabisa, na maji ya rangi ya chai yakaanza kutoka. Yalitoka hadi jioni. Mjomba alikuwa amerudi kutoka kahawa na hakuwa anaongea.

Na huo ukuta ndio unaoshika injini ya farasi 40.

Kama hatungepata, njia iliyobaki ilikuwa kumwaga maji ndani ya boti ikiwa nchi kavu, yenye rangi ya chakula, uone yanatokea wapi nje. Inafanya kazi, ila angalieni uzito. Maji ya mita moja ya ujazo ni tani nzima. Ukijaza boti iliyokaa kwenye magogo mawili utaipasua wewe mwenyewe. Weka kidogo tu, na uiegemeze vizuri.

Nina ugomvi na silikoni, wacha niutoe. Si ati haizibi. Inaziba juma mbili, mwezi, halafu inaachana na faiba, na pale ilipokaa inaacha utando ambao resini na rangi havishiki. Kwa hivyo anayekuja baada yako kurekebisha vizuri anaanza kwa kufuta uvivu wako. Vitu vinavyopita kwenye ganda chini ya maji vinahitaji gundi ya boti ya poliyurethani. Tundu la skrubu lisilotumika halizibwi kwa gundi hata kidogo. Linapanuliwa, linakaushwa, linajazwa epoksi.

Kukausha ndiko watu huruka. Resini haishiki kwenye faiba yenye unyevu, ndiyo sababu viraka vyetu vitatu vilibanduka kwa kucha. Fundi alikata ganda la ndani la ukuta, akachimbua plaiwudi iliyokuwa imegeuka kama mboji, kisha akakataa kufanya chochote kwa siku kumi na mbili. Kumi na mbili! Jua la Januari, na bado alikuwa anaweka kipande cha nailoni kila jioni kuona kama asubuhi kitakuwa na jasho. Kilipokuwa kikavu ndipo alianza. Kingo alizisaga zikawa na mteremko, mara kumi na mbili ya unene wa ganda: faiba ya milimita 5, unasaga milimita 60 kuzunguka tundu. Nilidhani anaharibu boti. Kumbe kiraka hushikwa na upana wa huo mteremko. Plaiwudi mpya ya majini, epoksi, vitambaa vya nyuzi vilivyosokotwa. Kwenye boti nzee epoksi hushika ile poliesta ya zamani vizuri kuliko poliesta mpya. Na vaa barakoa na mikono mirefu, hizo nyuzi zikiingia kwenye ngozi utajikuna hadi usahau jina lako.

Ilichukua karibu mwezi na ikala doo kuliko pampu kumi. Mjomba amenikumbusha hilo kila siku ya huo mwezi, na hesabu yake si ya uongo. Lakini nimekaa na picha ya zile ndala, na sioni hesabu inayolipa hapo. Ukipanda boti ya faiba mahali popote, angalia ubavuni: kama pampu inatema maji kila dakika chache na bahari imetulia, una haki ya kuuliza, na una haki ya kushuka kabla haijaondoka. Usiaibishwe na kicheko cha nahodha.

Tuliirudisha majini Ijumaa. Usiku wa kwanza nililala humo ndani, nimetandaza tishu ngamani kutoka tezi hadi omo. Alfajiri nilizipapasa moja moja kwa tochi ya simu. Moja ilikuwa imeloa, karibu na kizibo. Mjomba alikuja saa kumi na mbili na nusu, nikamwonyesha, na nikamngoja aseme ile sentensi yake. Akapiga magoti, akakifungua, akaanza kuangalia mpira.