Picha Ndefu Isiyo na Mistari ya Giza

Magofu ya kasri la Mtoni, Unguja, alikozaliwa Salme binti Said mwaka 1844, hayaenei katika picha moja. Hivyo wengi hupiga picha tatu au nne na kuziunganisha. Lakini angani hutokea mistari ya giza, kama kanga mbili zilizoshonwa pamoja na pindo likabaki katikati.

Chanzo ni lenzi. Mwanga hufika kwa wingi katikati ya picha na kupungua pembeni. Ukingo mmoja ukikutana na mwingine, giza hujitokeza.

Fanya hivi. Kwanza, kila picha irudie theluthi moja ya ile iliyotangulia, ili ukingo wenye giza upate kukatwa, kama fundi akatavyo pindo. Pili, ukitumia kamera, punguza tundu la lenzi hadi f/8 hivi. Tatu, kiasi cha mwanga kisibadilike. Kwenye simu nyingi, bonyeza kioo na kushikilia mpaka kipimo kifungwe. Nne, kwenye kompyuta, programu ya bure iitwayo Hugin hulinganisha sehemu zilizorudiwa na kurekebisha giza.

Ikiwa familia imesimama mbele ya kuta hizo, usimweke bibi penye maungio. Mweke katikati ya picha mojawapo. Kuta zinachakaa, na wazee hatutakuwa nao daima. Wajukuu watakapoifungua picha hiyo, wauone uso wake vizuri.