Mashine ya msasa nayo yahitaji hadhari

Mwezi Septemba mwaka 2018 mji wa Songea uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 itokayo Makambako na kupitia Madaba, na majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakiulisha mji kwa shida yakazimwa. Wananchi walio wengi waliipokea habari hiyo kwa furaha ya taa na majokofu. Maseremala waliipokea kwa furaha ya aina nyingine, kwani kazi iliyomchukua fundi siku nzima kwa nguvu za mkono sasa yaweza kumalizika kabla ya adhuhuri. Apitaye leo Majengo, Mfaranyaki au Lizaboni husikia msumeno wa duara, husikia randa ya umeme, na baina ya makelele hayo husikia mvumo mwembamba usiokoma. Huo ni wa mashine ya msasa, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumzia.

Msumeno huogopwa, na ni haki yake kuogopwa, maana meno yake yaonekana. Hapana mzazi ampelekaye mwanawe karakana asiyemwusia ajihadhari nao. Lakini ni nani amwusiaye mwanawe juu ya msasa? Msasa una sura ya upole. Hata jina lenyewe lilikuwa la mti kabla ya kuwa la karatasi: wazee wa pwani walichuma majani yake yenye kukwaruza wakasugulia vyombo vya mbao, na jani la mti halikumla mtu kidole. Karatasi nayo, ikiwa mkononi mwa fundi, haina madhara makubwa kuliko kuchubua ngozi. Ibandike karatasi hiyo hiyo juu ya sahani ya chuma yenye upana wa sentimita 30, uizungushe kwa mota mara 1,400 kwa dakika, na ukingo wake utakwenda kwa mwendo wa karibu kilomita 80 kwa saa. Huo ni mwendo wa basi liendalo Njombe. Kijana wetu, ambaye hawezi kuthubutu kupeleka mkono kwenye gurudumu la basi hilo likiwa barabarani, husimama mbele ya sahani akiwa ameshika kipande cha mbao kifupi kuliko penseli iliyo sikioni mwake, na kati ya kidole na ukingo pana nafasi ya punje moja ya mahindi.

Fauka ya hayo, jeraha la msasa ni baya kwa namna yake. Msumeno hukata, msasa hula. Huondoa ngozi na nyama kwa pamoja, hauachi kingo safi za kushonwa, na hukijaza kidonda vumbi la mbao na chembe za karatasi yenyewe.

Kwa wasioifahamu, mashine hii ina sehemu mbili zinazoendeshwa na mota moja. Upande mmoja upo mkanda wa msasa uliopitishwa juu ya ngoma mbili, ngoma moja ikiuvuta na nyingine ikiukaza kwa springi. Huo husawazisha nyuso na kingo ndefu. Upande wa pili ipo sahani ya duara iliyosimama wima mbele ya meza ndogo. Hiyo hunyoosha ncha na pembe. Zipo zilizonunuliwa dukani, na zipo zilizoundwa hapa hapa na mafundi wetu kwa mota iliyotolewa katika mashine nyingine na duara la plaiwudi. Hatuzibezi hizi za pili, kwani ubunifu wa namna hiyo umewalisha wengi. Lakini mashine ya dukani huja na kifuniko juu ya mkanda na juu ya sehemu ya sahani, pamoja na kizuizi cha kuegemezea mbao. Ile ya kuunda aghalabu haina. Na hata ile ya dukani, baada ya mwezi mmoja hukutwa imevuliwa vyote, eti kifuniko kinamchelewesha fundi.

Sheria iliyo kubwa kuliko zote katika sahani haigharimu senti, na bado wanagenzi wengi hawajapata kuambiwa. Sahani inapozunguka, nusu yake moja hushuka kuelekea mezani na nusu nyingine hupanda. Mbao yapasa kuwekwa upande unaoshuka, ambako mzunguko wenyewe huikandamiza mezani. Ikiwekwa upande unaopanda hunyanyuliwa na kurushwa usoni, na mkono uliokuwa ukiisukuma hukosa cha kusukuma, ukaenda mbele pale pale palipokuwa na mbao. Pengo kati ya meza na sahani lisizidi milimita moja na nusu. Likipanuka, kipande chembamba huvutwa chini na kidole hufuata. Kwa upande wa mkanda, mbao iegemezwe kwenye kizuizi, la sivyo mkanda utaichukua na kuitupa kama jiwe la kombeo. Na kipande kidogo kisishikwe kwa vidole kabisa, bali kwa kibanio, ambacho fundi aweza kukiunda kwa mabaki yasiyokosekana sakafuni pake.

Hapa twataka kusema neno kwa waajiri wenye nia njema ambao huwanunulia vijana wao glavu, wakadhani wamemaliza wajibu. Glavu ni kinga nzuri kwa mbebaji wa mbao na kwa mpaka rangi. Mbele ya mashine izungukayo ni mtego. Kitambaa kikinaswa na mkanda hakichaniki upesi kama ngozi ikwaruzwavyo, bali huuvuta mkono mzima mpaka kwenye ngoma. Hali ni hiyo hiyo kwa mikono mirefu ya shati isiyofungwa, kamba za koti, shali ya shingoni wakati wa baridi ya Juni na Julai, na pete. Mkono mtupu, ulio mbali na msasa, ndio mkono salama.

Tuje kwenye matunzo, ambako uzembe hujificha zaidi. Mkanda ukichakaa haukati tena, na fundi asiyetaka kununua mwingine huukandamizia mbao kwa nguvu zaidi. Matokeo yake mbao huungua na kuwa nyeusi, mota hupata moto, na siku mkono utelezapo huteleza ukiwa na uzito wote wa mwili nyuma yake. Paini itokayo shamba la miti la Wino kule Madaba ina utomvu unaoziba msasa mapema kuliko mninga. Mkanda ulioziba hivyo husafishwa kwa kuupitishia polepole kipande cha mpira ghafi, na hurudia ukali wake kwa muda mrefu. Huo ndio ubanaji matumizi ulio halali. Ule wa kufanya kazi na mkanda uliochanika ukingoni si ubanaji matumizi, kwa sababu mpasuko mdogo katika mwendo ule hugeuka mjeledi kwa kufumba na kufumbua.

Kabla ya kubadili mkanda au sahani, waya utolewe kwenye soketi. Hatusemi swichi izimwe. Twasema waya utolewe na uwekwe mahali fundi anapouona, maana swichi huguswa na mpita njia, na umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi. Mshale uliochapwa nyuma ya mkanda uelekee upande mkanda uendako. Ngoma izungushwe kwanza kwa mkono, mkanda utazamwe kama unakaa katikati, ndipo mashine iwashwe kwa muda mfupi na skrubu ya kunyooshea igeuzwe kidogo kidogo. Mikanda ya akiba itundikwe mahali pakavu. Masika yetu ni marefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mkanda ulionyonya unyevu hukunjamana na kuachia kwenye maungio yake. Kuhusu waya wa kupeleka umeme ardhini, ambao mafundi wengi huukata kwa kuwa soketi zao hazina tundu la tatu, tutasema tu kwamba aliyeukata amefanya kosa, na sakafu yenye maji wakati wa mvua ndiyo itakayomlipa.

Mpaka hapa tumesema juu ya vidole, na vidole huonekana. Vumbi ndilo adui asiyeonekana. Unga wa msumeno ni mzito, huanguka miguuni. Unga wa msasa ni laini mno, huelea hewani hata baada ya mashine kuzimwa, na chembe zake ndogo kabisa ndizo zinazofika ndani ya mapafu. Vumbi la mninga na la mkongo hujulikana kwa kuwasha macho na pua na kuwaletea baadhi ya watu pumu. Lipo na kubwa zaidi. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waligundua kwamba watengenezaji wa samani wa mji wa High Wycombe na vitongoji vyake walikuwa wakipatwa na saratani ya pua, maradhi ambayo kwa watu wengine ni nadra sana. Wengi wao walikuwa wamelivuta vumbi hilo kwa miaka mingi kabla ya ugonjwa kujitokeza. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, likaliweka vumbi la mbao katika orodha ya mambo yanayojulikana kwa yakini kuwa huleta saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo fundi atuambiapo kwamba amefanya kazi miaka 20 na hajaumwa, tunamshukuru Mungu pamoja naye, lakini hiyo si hoja. Maradhi haya huja baada ya miaka hiyo hiyo 20. Isitoshe, mwenye kulivuta vumbi si yeye peke yake. Karakana nyingi zimo barazani, ubavuni mwa mama lishe na mbele ya darasa la watoto, na upepo wa Songea haubagui. Barakoa ya kuzuia vumbi yafaa, leso iliyofungwa puani haitoshi. Mfuko au bomba la kuvuta vumbi lililofungwa kwenye mashine lafaa zaidi kuliko vyote, maana hulikamata vumbi kabla halijasambaa. Na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa.

Vumbi hilo lina hatari nyingine, nayo ni moto. Tabia ya kunolea panga, jembe na patasi kwenye sahani ile ile iliyotoka kupiga msasa mbao ikomeshwe mara moja. Cheche ya chuma ikiingia katika mfuko wenye unga mkavu wa mbao yaweza kukaa humo ikifuka polepole, ikaamka usiku wakati fundi yuko nyumbani amelala. Mwenye kutaka kunoa anunue jiwe la kunolea.

Sasa ni nani mwenye dhima? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kuweka mashine zake katika hali ya usalama. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamhesabu hata mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Lakini katika karakana ya baraza, mwanagenzi hana mkataba wala jina katika daftari lolote. Ni mtoto wa jirani aliyeletwa na mama yake ajifunze kazi. Akiumia, hupewa nauli na pole, akarudishwa kijijini Namtumbo au Mbinga na mkono uliofungwa, na mwezi ufuatao analetwa mwingine. Sisi tulio katika Chama hatuwezi kulitazama jambo hilo na kusema ni la mtu binafsi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwaweka watu mbele ya fedha katika hesabu ya maendeleo, na mtu ni pamoja na vidole vyake.

Njia ya kuanzia ipo, na haihitaji sheria mpya. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwezi Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vya vijana maseremala ni miongoni mwa waombaji, na katika orodha za vifaa wanavyotaka kununua, mashine ya msasa haikosi. Itakuwa ni aibu kubwa ikiwa fedha ya umma itamwingiza kijana katika fungu la asilimia 4, kisha mashine iliyonunuliwa kwa fedha hiyo imhamishie katika fungu la asilimia 2.

Basi maofisa maendeleo ya jamii wanapoyapitia maombi hayo, watazame mambo matatu: mashine iwe na vifuniko vyake, iwe na mfuko wa vumbi, na angalau mwanakikundi mmoja awe amefundishwa kuitumia. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, ina ofisi yake mkoani, na chuo cha VETA kipo hapa hapa Songea. Siku moja ya mafunzo kwa kila kikundi si mzigo mkubwa kwao. Viongozi wa matawi nao waziingize karakana katika ziara zao kama wanavyoingiza visima na madarasa. Na ombi lolote ambalo halina kifuniko wala mfuko wa vumbi katika orodha yake lirudishwe kwa kikundi likarekebishwe kabla fedha haijatoka.